Mzee wa Kwanza wa Kibanda cha Buluu

Jumapili ya tarehe 1 Juni mwaka 2025, baada ya sala ya laasiri, nilipita nyumbani kwa ndugu yangu mdogo kumjulia hali, nikamkuta bintiye amejiinamia ukumbini, macho mekundu, chai yake imepoa na mahamri hayakuguswa. Moyo ulinipiga. Nikadhani pana tanzia iliyonipita. Nilipouliza, mamake akacheka, akanambia nisijisumbue, hakuna aliyekufa isipokuwa mtu wa televisheni, na hata huyo hakufa hasa, amebadilika sura tu.

Mchezo wenyewe ni Doctor Who, wa shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, ulioanza mwaka 1963. Shujaa wake ni msafiri ambaye jina lake halisi halitajwi, anaitwa Daktari basi. Si mzaliwa wa dunia hii. Huzunguka katika nyakati na nyota akiwa ndani ya kibanda cha polisi cha rangi ya buluu, ambacho ukikitazama kwa nje ni kidogo kama choo cha uani, na ukiingia ndani ni jumba. Mchezaji anayemwigiza akiondoka, hadithi haimalizwi. Mwili wa Daktari huwaka nuru, akatokea mtu mwingine, na safari ikaendelea.

Usiku wa kuamkia siku ile aliyeondoka alikuwa Ncuti Gatwa, kijana aliyezaliwa Kigali mwaka 1992, na ambaye familia yake ilikimbia mauaji ya mwaka 1994 ikaenda kuishi Scotland. Mahali pake ukatokea uso wa Billie Piper, mwanamke ambaye watazamaji walimzoea katika mchezo huo huo tangu mwaka 2005 kwa jina jingine kabisa. Mashabiki walivurugana. Wako waliofurahi, wako waliodai wamechezewa shere, na wako waliolia kama huyu wetu, ambaye alikuwa amempenda kijana yule wa Kigali kama anavyopendwa mtu wa nyumbani.

Nilifanya mzaha, ndivyo tulivyo sisi wazee. Hakunijibu. Alichukua simu yake akanionyesha kipande kifupi cha filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe, imejaa chengachenga. Mzee mwenye nywele ndefu nyeupe amelala chali sakafuni. Uso wake unameremeta, unafutika kama maandishi ya wino yaliyomwagikiwa na maji, kisha unarudi, nao si wake tena. Binti akanieleza kuwa huyo ndiye wa kwanza kubadilishwa, na wote waliofuata, hata huyu aliyemliza, walipitia mlango alioufungua mzee yule. Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa na jawabu lake. Ami, yule mzee mwenyewe, baada ya pale, alikwenda wapi?

Nimelitafuta jawabu hilo kwa siku nyingi, ndugu msomaji, na nililolipata ni hili.

Jina lake lilikuwa William Henry Hartnell. Alizaliwa London, upande wa St Pancras, tarehe 8 Januari 1908. Mamake, Lucy Hartnell, hakuwa na mume, na katika cheti cha kuzaliwa cha mtoto, pale palipotakiwa jina la baba, pakaachwa peupe. Hakupata kumjua babake mpaka anaingia kaburini, ijapokuwa alimtafuta. Sisi tuliolelewa Pwani tunaujua uzito wa pengo kama hilo. Ukikutana na mzee njiani, kabla hajakuuliza uendako, hukuuliza u mwana wa nani. Hartnell alipokuwa mtu mashuhuri na waandishi wa magazeti wakimuuliza asili yake, alikuwa akiwatungia. Mara babake alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mara alikuwa dalali wa hisa mjini. Kuna wanaoutaja uongo huo kama aibu yake. Mimi simlaumu. Mtu aliyepewa karatasi yenye nafasi tupu atatafuta cha kuijaza.

Kwa muda fulani alilelewa na mama mlezi. Siku za mapumziko alipelekwa Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, kwa jamaa za mamake waliokuwa wakulima, na huko akajifunza kupanda farasi. Shule hakuimaliza. Alianza udokozi mdogo mdogo wa mitaani, na huenda angeishia jela kama asingeingia katika klabu moja ya ndondi. Hapo ndipo alipokutana na Hugh Blaker, mkusanyaji wa picha za sanaa. Blaker huyu ndiye aliyeinunua, miaka ya karibu na Vita Vikuu vya Kwanza, picha ambayo hadi leo wataalamu wanabishana kama ni Mona Lisa ya pili ya mkono wa Leonardo au si yake. Alikuwa na jicho la kuona kitu kilichofunikwa na vumbi. Akamchukua kijana yule kama mwanawe, akampeleka kufunzwa upanda farasi wa mashindano, na hilo liliposhindikana akampeleka katika chuo cha uigizaji cha Italia Conti.

Katikati ya miaka ya 1920 Hartnell aliingia kundi la Sir Frank Benson, lililokuwa likizunguka na tamthilia za Shakespeare. Alianza kama kijana wa kazi jukwaani, akipewa na visehemu vidogo vidogo vya kuigiza. Mwaka 1929 akamwoa mchezaji mwenzake, Heather McIntyre, wakapata mtoto mmoja wa kike. Miaka ya 1930 alikuwa katika sinema nyingi za kuchekesha, aghalabu sinema za bei ya chini ambazo leo hakuna azikumbukaye. Hapo pote hapana la kusimulia sana.

La kusimulia linaanza vitani. Alijiunga na jeshi la vifaru, lakini akili yake haikustahimili. Akaugua ugonjwa wa mishipa ya fahamu na kurudishwa nyumbani. Baadaye akapata nafasi katika sinema kubwa ya wakati ule, In Which We Serve, iliyotolewa mwaka 1942 na Noel Coward, mtu aliyeogopwa na kuheshimiwa kama sultani wa jukwaa la Uingereza. Siku ya kwanza ya kazi Hartnell alichelewa. Coward alimkaripia hadharani, akamtaka awaombe radhi wote waliokuwapo, na alipokwisha kuomba akamfukuza. Sehemu yake akapewa Michael Anderson, msaidizi wa mwongozaji. Nakuomba ulishike jambo hili, msomaji, maana litarudi. Hii ni mara ya kwanza kwa Hartnell kuona nguo yake ikivaliwa na mwingine.

Mwaka 1944 bahati ikamgeukia. Katika sinema ya The Way Ahead aliigiza sajini mkali wa jeshi, na aliigiza vizuri mno, vizuri kwa kumdhuru. Tangu hapo waliokuwa na sehemu ya sajini, ya askari au ya jambazi walimwita yeye. Mwaka 1947 alikuwa jambazi katika Brighton Rock. Mwaka 1957 akawa sajini meja katika mchezo wa televisheni wa kuchekesha uitwao The Army Game, ukampa jina katika kila nyumba, naye akachoka nao. Alipoondoka mwaka 1958 mchezo haukufa. Aliletwa sajini mwingine, Bill Fraser, watu wakampenda, na Hartnell aliporudi mwaka 1961 alikuta kiti kimekwisha kupata joto la mwingine. Hiyo ni mara ya pili.

Basi alikuwa na umri wa miaka 55, amechoshwa na makelele ya gwaride, pale alipojiwa na vijana wawili wa BBC mwaka 1963. Mmoja ni Verity Lambert, mwanamke wa miaka 27, ambaye wakati ule hakukuwa na mwanamke mwingine katika kazi yake ya utayarishaji wa tamthilia hapo BBC. Wa pili ni mwongozaji, Waris Hussein, kijana wa miaka 24 aliyezaliwa Lucknow, Bara Hindi, mwana wa Attia Hosain, mwandishi maarufu wa riwaya. Shirika zima lilikuwa la wanaume wa Kiingereza wenye mvi na tai, na mchezo mpya wa watoto waliachiwa msichana na kijana wa Kihindi. Nadhani walioupanga mpango huo hawakutarajia udumu hadi mwaka mpya.

Hapa lazima niseme jambo, maana nisipolisema nitakuwa nimemvika mtu kilemba kisicho chake. Hartnell alikuwa na chuki za watu wa rika lake na nchi yake. Aliwadharau wageni kwa maneno. Mjukuu wake mwenyewe, Jessica Carney, aliyeandika maisha ya babu yake mwaka 1996, hakulificha hilo, wala hakuuficha ulevi wake na hasira zake. Alipowaona waliomletea kazi, mwanamke kijana wa Kiyahudi na kijana mwenye jina la Hussein, alisitasita. Wakakaa naye mezani, wakamshawishi. Mkwewe, Terry Carney, aliyekuwa wakala wake, naye akamshawishi. Alikubali, na la ajabu ni kwamba aliwapenda wote wawili. Lambert alipoondoka baadaye, ilikuwa kama amefiwa. Mtu si kitu kimoja, na huyu alikuwa vitu vingi visivyokaa vizuri kikapuni.

Kipande cha kwanza kilirushwa Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy wa Marekani kuuawa. Watu walikuwa na mengine ya kuwaza, hata ikabidi kirushwe tena Jumamosi iliyofuata kabla ya cha pili. Walakini Desemba ikaja na Dalek, yale majitu ya chuma yasiyo na huruma yanayoteleza kama mapipa na kupiga kelele, yaliyobuniwa na Terry Nation, na watazamaji wakafika milioni kumi. Watoto wa Uingereza waliyatazama wakiwa nyuma ya viti. Mzee aliyesimama kati yao na mapipa yale alikuwa Hartnell, na nywele zake za bandia nyeupe, koti refu jeusi na pete kubwa kidoleni.

Mwanzoni alimchora Daktari kuwa mzee mkorofi, mbinafsi, asiyeaminika. Kidogo kidogo akamlainisha, akawa babu. Katika hadithi alikuwa na mjukuu anayesafiri naye, na nje ya hadithi watoto wa nchi nzima wakawa wajukuu. Alialikwa kufungua maonyesho ya shule na vijiji, akienda na mavazi ya Daktari, nao watoto wakimfuata nyuma kama siafu. Yule aliyezaliwa na nafasi tupu katika cheti chake sasa alikuwa babu wa mamilioni. Aliyashika madaraka hayo kwa bidii iliyowachosha wenzake. Juu ya mtambo wa kile kibanda palikuwa na vitufe na vishikio vya mbao na plastiki visivyofanya kazi yoyote. Hartnell alikipa kila kimoja kazi yake na kukariri: hiki kinafungua mlango, hiki kinaondoa kibanda. Ole wake mwongozaji mgeni atakayemwambia abonyeze kingine. Alishikilia kuwa watoto wanaangalia, na wataona.

Watoto walikuwa wakiangalia kweli. Sisi watu wazima tunaotunga mambo tunasahau kuwa msikilizaji mdogo ndiye mkali kuliko wote.

Kazi ilikuwa nzito kupita umri wake. Kipande kimoja cha dakika 25 kila wiki, karibu mwaka mzima. Mazoezi siku nne, na ya tano wanaigiza mfululizo mbele ya kamera, ndani ya studio finyu yenye taa za kuunguza. Kukata na kuunganisha filamu kulikuwa ghali, hivyo ulimi ukiteleza, uteleze, mchezo unaendelea. Ulimi wa Hartnell ulianza kuteleza sana. Mwanzoni watu walidhani ni madoido ya mzee wa hadithi. Kumbe mishipa yake ya damu ilikuwa inakakamaa, damu haifiki kichwani inavyopasa, na kumbukumbu inamtoka. Mchezaji asiyeweza kushika maneno ni kama nahodha anayeingiwa na ukungu machoni: njia anaijua, lakini haioni.

Na wakati huo huo waliomzunguka wakawa wanaondoka. Msichana aliyeigiza mjukuu aliondoka mwaka 1964. Wale walimu wawili wa hadithi, William Russell na Jacqueline Hill, wakaondoka mwaka 1965. Lambert naye akaondoka mwaka huo. Kila aliyekuja alikuwa mgeni, na Hartnell alimlaki kila mgeni kwa malalamiko: huyu haujui mchezo, yule anauharibu. Mtayarishaji mmoja, John Wiles, alichoka naye akataka kumbadilisha mapema mwaka 1966, wakubwa wakamkatalia. Aliyefuata, Innes Lloyd, ndiye aliyefanikiwa. Hartnell, aliyeupinga kila ubadilishaji, akawa sasa ndiye wa kubadilishwa. Mara ya tatu.

Lakini vipi? Ungeweza kuleta mzee mwingine mwenye nywele nyeupe na kujifanya hakuna lililotokea. Ungeweza kuufunga mchezo. Lloyd na mwenzake Gerry Davis, aliyesimamia hadithi, walipata njia ya tatu. Daktari si binadamu. Basi mwili wake uliochakaa na uvuliwe kama kanzu, avae mwingine. Na huyo mwingine asifanane naye hata kidogo. Wakamchagua Patrick Troughton, mchezaji hodari aliyezaliwa mwaka 1920, mfupi, nywele nyeusi kama kofia iliyokaliwa, suruali inampwaya. Hartnell mwenyewe alimheshimu Troughton, ila alisema baadaye kwamba nafasi ile hakuiacha kwa hiari.

Hadithi ya mwisho iliitwa The Tenth Planet, ya vipande vinne. Kipande cha tatu Hartnell aliugua, ikabidi kichezwe bila yeye. Cha nne kilichukuliwa tarehe 8 Oktoba 1966 katika studio za Riverside, Hammersmith. Mzee akalala sakafuni, Troughton akalala pale pale. Kulikuwa na hitilafu katika mtambo wa kuchanganyia picha, uliofanya sura zimeremete na kuvimba nuru. Fundi wa kike aliyekuwa mtamboni, Shirley Coward, aliitumia hitilafu hiyo kwa makusudi, na ndiyo nuru niliyoionyeshwa na binti wa ndugu yangu. Watazamaji waliiona tarehe 29 Oktoba. Kwa wengi wao hapakuwa na maelezo, wala neno la kuliita jambo lile. Neno linalotumiwa leo na mashabiki halikutamkwa katika mchezo huo hadi mwaka 1974.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 5 Novemba, Troughton alisimama peke yake. Watunzi walikuwa na hila. Hadithi ile, The Power of the Daleks, ilimpa Daktari wasafiri wenzake wawili: Polly, aliyeamini kuwa mgeni huyu ni yule yule, na Ben, aliyekataa katakata. Yaani ugomvi wa watazamaji uliwekwa ndani ya mchezo. Na aliyeumaliza hakuwa rafiki. Dalek ndiye aliyemtambua. Adui alimjua Daktari alipomwona, ijapokuwa sura si ile. Mimi hutunga mashairi, na nimeona watu wakitunga hila nyingi. Hii naivulia kofia.

Lakini nyumbani haikupokewa kwa makofi. BBC ilikuwa na idara ya kuuliza maoni ya watazamaji, na alama za kuupenda mchezo zilishuka. Wako waliolalamika kuwa Daktari amefanywa punguani, mcheza ngoma wa mtaani, na kwamba mchezaji mzuri amepewa kazi ya kipuuzi. Barua zilifika katika jarida la Radio Times. Nyingine za kulaani, nyingine za kupongeza kwamba mchezo uliokuwa umezama sasa umenyanyuliwa. Wako watoto waliomtaka babu yao arudi. Hata hivyo idadi ya watazamaji haikupungua; iliongezeka kidogo. Walinung'unika, lakini Jumamosi ilipofika walikaa kitako.

Nimekaa sana na habari ya watoto wale, kwa sababu nami nilikuwa mmoja wao kwa namna yangu. Nilipokuwa na miaka minane hivi, maalimu wetu wa chuoni, mzee aliyetufundisha tangu alifu, alianza kusahau. Si Kurani, hiyo ilikuwa imemkaa kifuani. Alisahau majina yetu, akasahau nani amesoma wapi, akamrudisha mtoto nyuma juzuu nzima. Siku moja tukamkuta mpwa wake amekaa juu ya jamvi lake, ameshika bakora yake. Tulimchukia yule kijana kwa mwezi mzima. Tulikuwa tukiitikia salamu yake kwa sauti ya chini, tena kwa kuchelewa. Hatukujiuliza mzee yuko wapi. Alikuwa ng'ambo ya ukuta tu, barazani kwake, na tulipotoka jioni tulimpita amekaa na tasbihi, akitutazama kama anayetafuta jina. Wengi wetu tulipita mbio. Kwa kijana tulikuwa na hasira, na kwa mzee tulikuwa na haya.

Sasa nijibu swali la binti wa ndugu yangu.

Baada ya pale alikwenda Taunton. Krismasi ya mwaka 1966, miezi miwili hivi baada ya kulala sakafuni, Hartnell alikuwa katika mji ule wa magharibi mwa Uingereza, jukwaani, akiigiza fundi viatu katika mchezo wa watoto wa hadithi ya paka mwenye viatu. Alikuwa anahitaji kazi. Alipata visehemu katika televisheni hapa na pale. Mwaka 1970 akaonekana katika mchezo mmoja wa mahakamani. Kisha ugonjwa ukamfungia nyumbani. Jumamosi jioni mchezo wake ulikuwa ukiendelea hewani, ana Troughton, halafu tangu mwaka 1970 ana Jon Pertwee, na Uingereza ilikuwa na watoto wadogo ambao hawakujua kwamba Daktari aliwahi kuwa mzee mwenye nywele nyeupe.

Mwaka 1972 wakamkumbuka. Mchezo ulikuwa unaingia mwaka wake wa kumi, ikatungwa hadithi ya kuwakutanisha Madaktari watatu, The Three Doctors. Hartnell alikubali kwa furaha. Walipokuja kumwona ndipo walipojua hali yake: hawezi kusimama muda mrefu, hawezi kushika mstari mmoja wa maneno. Hadithi ikaandikwa upya. Daktari wa kwanza akafanywa amenaswa mahali fulani nje ya wakati, anazungumza na wenzake kupitia kioo tu. Novemba walimpeleka studio ya Ealing, wakamkalisha, wakamwandikia maneno yake juu ya kadi kubwa zilizoshikwa pembeni mwa kamera. Akayasoma. Hadithi ilirushwa kuanzia tarehe 30 Desemba 1972 hadi Januari 1973, na hiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho duniani.

Alifariki tarehe 23 Aprili 1975, huko Marden katika jimbo la Kent, usingizini, baada ya kupigwa na kiharusi mara kwa mara na moyo kushindwa. Alikuwa na miaka 67.

Kubadilishwa hakukuishia hapo. Mwaka 1983 walipotaka Madaktari watano pamoja, ya Hartnell ikaigizwa na Richard Hurndall. Lakini kabla hadithi haijaanza wakaweka kipande cha Hartnell mwenyewe, kama wanaotaka idhini. Mwaka 2013 David Bradley alimwigiza Hartnell katika mchezo wa maisha yake uliotungwa na Mark Gatiss, na mwaka 2017 Bradley huyo huyo akaigiza Daktari wa kwanza. Mwaka 2017 vilevile alitangazwa Jodie Whittaker kuwa Daktari, mwanamke wa kwanza, kelele zikavuma kuliko za mwaka 1966. Halafu Gatwa.

Kile kipande cha nne cha The Tenth Planet, BBC yenyewe hainacho. Kanda nyingi za miaka ile zilifutwa au kutupwa kwa kuwa zilichukua nafasi na hakuna aliyedhani zitatakiwa. Vipande zaidi ya 90 havijapatikana. Vingine vya Troughton vilipatikana mwaka 2013 katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria, vimekaa rafuni miaka na miaka. Cha Hartnell cha kuaga hakijaonekana popote. Zile sekunde chache za uso unaofutika zimebaki kwa sababu tu kipindi kingine cha watoto, Blue Peter, kiliwahi kuziazima na kuzionyesha.

Nilimsimulia binti haya yote ukumbini pale pale, siku nyingine, chai ikiwa moto. Alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa simu. Kisha akaitafuta ile hadithi ya mwaka 1972, akaisogeza mbele hadi pale mzee anapotokea kiooni, akaisimamisha simu juu ya kikombe ili sote wawili tuone. Amekaa, koti lile lile, nywele zile zile. Anazungumza vizuri tu, kwa ukali wake wa zamani. Binti akanigusa mkono, akanionyesha macho yake, namna yanavyokwenda pole pole kutoka upande mmoja kwenda wa pili, halafu yanarudi mwanzo wa mstari.